Miezi mitatu ya vidonge vya kakao: ni vyenyewe vilivyoshusha mafuta kwenye damu yangu?

#1 BintiGungu (Kigoma)

Habari za jioni, wanajukwaa. Nina umri wa miaka 44 na urefu wa sentimita 160. Miezi mitatu iliyopita nilikuwa na kilo 93, na daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba huo si unene wa kawaida bali ni unene uliokithiri, kwa kuwa uwiano wangu wa uzito na urefu ulikuwa umepita 36 ilhali mpaka ni 30. Kipimo cha mafuta kwenye damu kilitoa majibu haya, yote kwa milimoli kwa lita: lehemu (kolesteroli) yote 6.4, HDL (lehemu nzuri) 1.0, LDL (lehemu mbaya) 4.1 na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) 2.9. Alitaka kunianzishia statini, dawa ya kushusha lehemu. Nikamwomba anipe miezi mitatu.

Katika miezi hiyo nimekunywa kapsuli za kakao mbili kila siku, asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja. Juzi nimepima tena: lehemu yote 5.8, HDL 1.1, LDL 3.9, trigliseridi 1.8. Uzito sasa ni kilo 88.

Nimefurahi, lakini nataka kujua ukweli kabla sijanunua chupa nyingine, maana si rahisi kwa bei. Je, kakao ndiyo iliyofanya kazi hii? Kuna mwenye unene kama wangu aliyeijaribu?

#2 MzeeWaReli (Kigoma)

Hongera sana, binti yangu. Kilo tano hazitoki kwa bahati. Nina maswali mawili tu: ulipimwa katika maabara ile ile mara zote mbili, na mara zote mbili ulikuwa hujala?

#3 Mchikichini (Kigoma)

Dada, usiwe na shaka. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uitwao COSMOS, uliofanywa na watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's ya Boston kwa watu 21,442, na ukathibitisha kwamba virutubisho vya kakao vinapunguza magonjwa ya moyo kwa asilimia 10 na vifo vya moyo kwa asilimia 27. Kama moyo umepona, basi mafuta nayo yameshuka, kwa sababu mafuta ndiyo yanayoziba mishipa. Endelea na kapsuli zako.

#4 MpimaDamu (Tabora)

Ndugu Mchikichini, namba umezitaja sawasawa, lakini maana yake umeipeleka mbali kuliko walikoifikisha wenyewe. Utafiti wa COSMOS ulitangazwa mwaka 2022. Jambo lililokuwa likipimwa hasa ni jumla ya matukio ya moyo na mishipa, na upungufu ule wa asilimia 10 haukutosha kuondoa uwezekano kwamba ulitokea kwa bahati. Upungufu wa vifo kwa asilimia 27 ulionekana kwenye hesabu za upande, ambazo ni ishara njema lakini si uthibitisho. Tena washiriki walikuwa wanawake wa miaka 65 na zaidi na wanaume wa miaka 60 na zaidi, na hawakuchaguliwa kwa sababu ya unene. Kuruka kutoka hapo hadi kusema kuwa lehemu imeshuka ni kuruka mto ambao hatujauona kina chake.

Sasa nizungumze na mwanzisha uzi, kwa sababu kazi yangu ni maabara na majibu yake yananivutia. Dada BintiGungu, maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, bali huihesabu kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972: unachukua lehemu yote, unatoa HDL, kisha unatoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Nimeipiga hesabu yako na inakubali kabisa: mara ya kwanza inatoka 4.1, mara ya pili 3.9. Kwa hiyo LDL, ambayo ndiyo daktari aliyokuwa akiihofia, imeshuka kwa 0.2 tu. Tofauti ndogo namna hiyo inaweza kutokea kwa mtu yule yule akipimwa wiki mbili tofauti bila kubadilisha chochote. Kilichoshuka kweli ni trigliseridi, na mimi ningeuliza kwa nini hizo.

#5 Mchikichini (Kigoma)

Nimekubali sahihisho, mkuu, na nashukuru. Hata hivyo sioni kama kakao imeshindwa. Wako watu wa kabila la Kuna katika visiwa vya Panama ambao hunywa kakao kwa wingi kila siku, na Profesa Norman Hollenberg alionyesha kwamba shinikizo la damu lao halipandi na umri kama la wenzao waliohamia mjini. Hilo nalo mtasema ni bahati?

#6 BintiGungu (Kigoma)

Baba MzeeWaReli, maabara ni ile ile. Ila mara ya kwanza nilikwenda nikiwa nimeshakunywa chai ya maziwa yenye sukari na chapati mbili, kwa sababu hakuna aliyenieleza nisile. Mara ya pili nilikwenda sijala tangu saa mbili ya usiku uliotangulia.

Kwa kuwa nimeulizwa vizuri, nieleze na mengine ambayo sikuyaandika mwanzo. Nimeacha soda kabisa, na sukari kwenye chai nimeipunguza kutoka vijiko vitatu hadi nusu. Jioni natembea kutoka Gungu hadi Mwanga na kurudi, siku nne au tano kwa wiki. Sikuyataja kwa sababu niliyaona madogo kuliko kapsuli.

#7 MpimaDamu (Tabora)

Hapo sasa tumepata kitu. Dada, chai na chapati za asubuhi ile zinahesabika. Kwa wastani trigliseridi huwa juu kwa takriban 0.3 kwa mtu aliyekula kama kawaida kuliko alipofunga, na kwa mtu ambaye zake ziko juu tayari ongezeko linaweza kuwa kubwa zaidi. Zako zimeshuka kwa 1.1. Toa hiyo 0.3 ya chai, bado una 0.8 ya kutafutia mwenyewe.

Ndugu Mchikichini, habari ya Wakuna ni ya kweli na mimi naipenda, lakini inahusu shinikizo la damu. Mwaka 2012 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilikubali kwamba miligramu 200 za flavanoli (kemikali za asili zilizomo kwenye kakao) kwa siku husaidia mishipa ya damu kutanuka vizuri. Kutanuka kwa mishipa ni jambo moja, na mafuta yanayoelea ndani yake ni jambo jingine.

#8 MwalimuWaLishe (Tabora)

Naomba niingie, kwa kuwa wengi tunazungumza kana kwamba hakuna aliyepima kakao na mafuta ya damu moja kwa moja. Wamepima, na tatizo ni kwamba majibu hayafanani.

Mwaka 2011 watafiti walikusanya majaribio kumi yenye watu 320, ya wiki 2 hadi 12, wakaona LDL ikishuka kwa miligramu 5.9 kwa desilita, ambazo kwa vipimo vya dada ni kama 0.15, huku HDL na trigliseridi zikikaa palepale. Mwaka 2016 wengine walikusanya majaribio 19 yenye watu 1,131, wakaona kinyume chake: trigliseridi zilishuka kwa 0.10, HDL ikapanda kwa 0.06, na LDL haikuguswa kwa kiasi cha kuaminika. Wote walikuwa watu makini, na wote walikuwa wakiangalia kakao.

Mimi naona tofauti inatokana na vitu vilivyotolewa. Katika jaribio moja mtu anapewa chokoleti nyeusi yenye siagi yake na sukari yake, katika jingine anapewa kinywaji cha unga, katika jingine kapsuli ya kiini. Hivyo havifanani hata kama mti ni mmoja. Isitoshe, mtu mnene na mtu mwembamba hawaanzi mahali pamoja. Unene wa tumbo, ule tunaouita kiribatumbo, kwa kawaida huja na trigliseridi za juu na HDL ya chini, jinsi hasa yalivyokuwa majibu ya kwanza ya dada BintiGungu. Anayeanza juu ana nafasi ya kushuka, na asiye na cha kushusha hashushi.

#9 SombeNaMgebuka (Kigoma)

Mimi nina swali la mpishi. Kakao si ina mafuta mengi? Mtu ananywaje mafuta ili kupunguza mafuta?

#10 MwalimuWaLishe (Tabora)

Swali zuri, ndugu. Punje ya kakao ina mafuta kweli, lakini karibu theluthi ya siagi yake ni asidi ya steariki, ambayo ingawa ni mafuta yanayoganda, haipandishi LDL kama yafanyavyo mafuta mengine ya namna hiyo. Aliye hatari zaidi ni asidi ya palmitiki. Hii imo kwenye siagi ya kakao kwa kama robo, na kwenye mawese kwa takriban asilimia 44. Hivyo kabla hatujaihukumu kakao ya watu wa Kyela, watu wa Kigoma tuchungulie vyungu vyenu.

#11 SombeNaMgebuka (Kigoma)

Nilijua tu mtani wa Tabora hawezi kumaliza siku bila kuyagusa mawese yetu. Bibi yangu amekula sombe ya mawese na migebuka hadi miaka tisini na alikuwa akipanda mlima wa Simbo na kuni kichwani. Mawese mekundu yana karotini ambayo macho ya watoto wetu yanaihitaji. Na huyo bibi hakuwahi kunywa soda.

#12 MwalimuWaLishe (Tabora)

Karotini nakubali kwa mikono miwili, na sijamwambia mtu ayaache. Nauliza kiasi. Bibi yako alipanda mlima na kuni. Sisi tunapanda bodaboda. Na mimi naamini sentensi yako ya mwisho, ile ya soda, ndiyo yenye uzito kuliko zote ulizoandika.

#13 KijanaWaUjiji (Kigoma)

Mimi ni mfano hai. Nina kilo 112 na nilikunywa unga wa kakao usiotiwa sukari, vijiko viwili vikubwa kila asubuhi, kwa miezi minne. LDL yangu ilitoka 3.8 hadi 3.4. Sikubadilisha chakula na uzito haukupungua hata kilo moja. Mnielezee hiyo.

#14 MpimaDamu (Tabora)

KijanaWaUjiji, mfano wako ni mzuri kwa sababu ulibadilisha jambo moja tu. Naona maelezo matatu na sijui lipi ni lako. La kwanza ni flavanoli zenyewe. La pili ni nyuzinyuzi: karibu theluthi ya unga wa kakao usio na sukari ni nyuzinyuzi, na vijiko vyako viwili kila siku vilikupa kiasi cha maana, aina inayoyeyuka hushika asidi za nyongo tumboni, na ini hulazimika kuchukua lehemu kwenye damu ili kutengeneza nyongo nyingine. La tatu ni kwamba mtu hupimwa zaidi anapokuwa vibaya, na kipimo kinachofuata huwa na tabia ya kurudi karibu na wastani wake hata asipofanya kitu. Ndiyo maana kwenye majaribio huwekwa kundi la pili linalokunywa kidonge kisicho na kitu.

#15 NesiMstaafu (Tabora)

Kuna maelezo ya nne yasiyotajwa. Kakao ina theobromini, ndugu wa kafeini. Mwaka 2013 yalitangazwa majibu ya jaribio ambamo watu walipewa miligramu 850 za theobromini kwa siku, na HDL yao ikapanda kwa 0.16, ilhali kakao peke yake haikufanya hivyo. Kwa hiyo hata pale kakao inapoonekana kufanya kazi, huenda tunamsifia mgeni kwa kazi ya mwenyeji.

Na sasa ombi langu kwa BintiGungu, mwanangu: tafadhali chukua chupa na utuandikie kilichoandikwa ubavuni, neno kwa neno. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na nimeona watu wakibishana kuhusu dawa ambayo hakuna aliyesoma lebo yake.

#16 BintiGungu (Kigoma)

Shikamoo mama. Imeandikwa: unga wa kakao miligramu 500 kwa kapsuli, kapsuli mbili kwa siku. Hakuna neno flavanoli popote. Ina maana si ndizo zile zile 500 za COSMOS?

#17 NesiMstaafu (Tabora)

Marahaba, mwanangu. Hapana, si zile. Katika COSMOS, miligramu 500 zilikuwa za flavanoli zilizokamuliwa, na ndani yake miligramu 80 za epikatekini, ambayo ni aina mojawapo ya flavanoli. Wewe unakunywa gramu moja ya unga kwa siku. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu maelezo yenye tahadhari kwa unga wenye flavanoli nyingi, na ikaweka kiwango cha chini kuwa asilimia 4. Hata tukikubali kwa upendo kwamba unga wako unafika hapo, gramu moja inakupa miligramu 40, yaani chini ya sehemu moja kwa kumi na mbili ya dozi ya COSMOS. Kama unga huo umepitishwa kwenye magadi ili uwe mweusi na laini, kama unga mwingi wa dukani ulivyo, flavanoli nyingi zimeshapotea kiwandani.

Nyuzinyuzi zake ni theluthi ya gramu, pungufu ya zilizomo kwenye tonge la maharage. Theobromini nayo haifiki mbali.

#18 Mchikichini (Kigoma)

Hili la lebo limeniuma, kwa sababu na mimi nina chupa kama hiyo nyumbani. Namba 500 imewekwa kwa herufi kubwa mbele, na mtu aliyesikia habari ya utafiti ataamini ndiyo ile.

Hata hivyo naomba tusiidharau kapsuli kabisa. Dada amesema hakuruka hata siku moja. Mtu anayemeza kitu kila asubuhi kwa ajili ya mafuta yake hukumbuka mafuta yake kila asubuhi, na huenda ndiyo iliyomfanya aiache soda. Kapsuli inaweza kuwa imefanya kazi hata kama kakao haikufanya.

#19 KijanaWaUjiji (Kigoma)

Naunga mkono namba 18. Mimi nilipoanza unga nilijihisi nimeanza safari.

#20 AsaliYaMiombo (Tabora)

Dada, kwa kuwa umeacha sukari, tumia asali yetu ya Tabora kwenye chai. Ni ya asili na haina madhara ya sukari.

#21 MpimaDamu (Tabora)

Jirani yangu, asali yetu naijua na naila, lakini kwa jambo hili siwezi kunyamaza. Zaidi ya theluthi ya asali ni fruktosi, na fruktosi ikizidi, ini huigeuza kuwa mafuta ambayo hutoka kwenye damu kama trigliseridi. Ini halijui kama sukari imetoka kiwandani au kwenye mzinga. Kuacha soda na vijiko viwili na nusu vya sukari kwa kila kikombe, kwa mtu mwenye unene, ndiko ninakokuona mimi kuwa sababu kubwa ya ile 0.8.

#22 MwalimuWaLishe (Tabora)

Na mimi naweka kilo tano mbele ya soda. Amepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake, na kupunguza asilimia 5 hadi 10 huweza kushusha trigliseridi kwa karibu asilimia 20. Najua mtasema kilo zimetoka kwa sababu ya soda, nami nitasema zimetoka pia kwa njia ya Gungu hadi Mwanga.

#23 SombeNaMgebuka (Kigoma)

Hakuna aliyeuliza kuhusu dagaa. Dada, ulikula dagaa wetu kwa wingi kipindi hicho? Nasikia mafuta ya samaki hushusha hizo trigliseridi.

#24 BintiGungu (Kigoma)

Dagaa nakula kama zamani, mara tatu kwa wiki, kwa hiyo sidhani kama ndiyo tofauti. Ila kweli siku hizi nawachemsha kwa nyanya, zamani nilikuwa nawakaanga.

#25 NesiMstaafu (Tabora)

Haya, na hilo nalo ni badiliko la tano. Mafuta ya samaki hushusha trigliseridi, lakini kwa dozi ya gramu mbili hadi nne za omega 3 kwa siku, ambayo mlo wa kawaida wa dagaa hauwezi kukupa kwa urahisi.

Niulize la mwisho: uliwahi kupimwa tezi ya shingo? Dada yangu mwenyewe alihangaika na lehemu na uzito miaka miwili, akinunua kila alichoambiwa, kumbe tezi yake ilikuwa inafanya kazi polepole. Tezi ikizembea, LDL hupanda na mwili huongezeka uzito. Alipotibiwa, lehemu ilishuka yenyewe.

#26 BintiGungu (Kigoma)

Sijawahi kupimwa tezi, mama. Nitaomba.

Nimesoma yote mara mbili. Nimeamua kuacha kapsuli na kuendelea na mengine yote kama yalivyo kwa miezi mitatu, kisha nitapima maabara ile ile, nikiwa sijala. Trigliseridi zikibaki palepale nitajua kakao haikuwa na mkono.

#27 MpimaDamu (Tabora)

Mpango ni mzuri, lakini zikipanda au zikishuka kidogo usihukumu kwa kipimo kimoja, kwa sababu trigliseridi za mtu mmoja hucheza kwa kama asilimia 20 kutoka siku hadi siku. Ukiweza, pima mara mbili ndani ya wiki mbili kisha uchukue wastani. Na LDL ya 3.9 bado iko juu. Statini ya kiwango cha kati huishusha kwa asilimia 30 hadi 49, na hakuna kakao iliyotajwa kwenye uzi huu inayokaribia hapo. Uliomba miezi mitatu na imekwisha. Usijiongezee mingine bila daktari kujua.

#28 KijanaWaUjiji (Kigoma)

Mimi naendelea na unga wangu wa vijiko viwili. Sijashawishika kuwa ni wastani tu.

#29 BintiGungu (Kigoma)

Nitarudi kwa daktari Jumatatu na majibu yote mawili pamoja na chupa. KijanaWaUjiji, nawe kapime tena, uandike hapa hapa, na utaje kama ulikuwa umekula.

#30 MzeeWaReli (Kigoma)

Na wewe binti yangu, Jumatatu usinywe chai asubuhi, asije akaamua kukupima hapo hapo.